Nusu Yangu ya Mafuta

Tarehe kumi na tisa mwezi wa pili, asubuhi kabla jua halijawa kali, nilimpoteza dada yangu Apio. Tulizaliwa siku moja. Yeye alitangulia, akaitwa Apio. Mimi nikafuata, nikaitwa Adongo. Kilichomuua ni moyo, si ngozi. Nalisema hili mapema kwa sababu matangani walikuwapo watu walionong'ona kuhusu ngozi yake, na ngozi ile aliishi nayo miaka mingi kuliko wengi wao walivyoishi na waume zao.

Kina mama wa kanisa waliponiita chumbani tumwoshe, mmoja wao alinipa kikopo cha bati kilichokuwa kando ya kitanda. Kifuniko kilikuwa kimepinda, ikabidi nikifungue kwa meno ya kitana. Harufu ikatoka: moshi, na karanga zilizoungua kidogo, na nyuma yake kitu kama kamba ya ngozi iliyolala juani. Nilikaa chini. Wale mama walidhani ni huzuni, wakaniacha. Ilikuwa huzuni, ndiyo. Lakini iliyotangulia kufika ilikuwa ile nyingine, ya zamani, ambayo nilidhani imekwisha. Nilimwonea dada yangu wivu akiwa amelala pale, maiti, kwa sababu ya kikopo cha mafuta.

Ninyi wa rika langu mnaikumbuka Malaba ya miaka ile, barabara ikiwa ya vumbi na reli ikiwa ndiyo saa yetu. Nyumba yetu haikuwa mbali na stesheni. Mabehewa yakigongana usiku, vikombe vililia kabatini. Papa alipakua mizigo pale stesheni, Mama aliuza simsim na karanga sokoni, na nyumbani alitawala Tata. Tata ndivyo tulivyomwita bibi kwa Kiteso. Alikuwa mama yake Papa, mfupi, mwenye sauti ya mtu mrefu, na alikuwa na sheria moja kuhusu sisi ambayo hata Papa hakuweza kuivuka.

Sheria ilikuwa hii: pacha hupewa sawa. Kiazi alikikata katikati yeye mwenyewe, akafumba jicho moja kuona kama pande zimelingana. Nguo zetu zilitoka kitambaa kimoja. Mmoja akiugua, mwenzake naye alionjeshwa dawa kidogo. Hata fimbo tuligawana. Siku moja Apio alivunja chungu cha maji, Papa akamchapa, kisha akaja kunitafuta kwa jirani nilikokuwa nikicheza. Akanigusa mguuni kwa ufito uleule, kidogo tu, akasema, "Pole, mama. Ni mambo ya Tata wako. Rudi ucheze."

Watoto wa jirani walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi sikucheka. Nilijua sababu ya sheria, maana Tata alikuwa ametuambia zaidi ya mara moja. Pacha akipunjwa hununa, na pacha akinuna moyoni hurudi alikotoka. Alikotoka, kwa maelezo ya Tata, ni chini. Kwa hiyo nusu yangu ya kiazi haikuwa kiazi tu. Ilikuwa ndiyo kamba iliyonishikilia duniani, na niliitazama kwa makini sana ikikatwa.

Tulikuwa darasa la tatu Apio alipoumwa koo. Aliumwa wiki nzima, akapona, na baada ya siku chache tumbo na mgongo wake vikatoka madoa madogo mekundu, kama mtu aliyenyeshewa mvua ya damu. Mengi yalififia. Lakini kwenye viwiko, magotini na kichwani juu ya masikio yakabaki, yakapanuka, yakaota magamba meupe yenye kung'aa. Asubuhi alipoamka, magamba yalikuwa yamelala kwenye mkeka wetu kama unga. Mimi ndiye niliyeufagia mkeka.

Shuleni walimwita Ngege, jina la samaki wa magamba tunayemjua sote. "Ngege, umetoroka ziwani?" walimwuliza. "Rudi Budalang'i, wavuvi wanakutafuta." Naungama kwamba mara ya kwanza nilicheka pamoja nao, kisha nikatazama kama ameniona. Alikuwa ameniona.

Watu wazima hawakusema ngege. Walisema ukoma, kwa sauti ya chini. Kulikuwa na hospitali ya wagonjwa wa ukoma upande wetu wa wilaya, kwa hiyo kila mtu alijiona mjuzi. Mwanamke aliyekuwa akinunua karanga kwa Mama kila Ijumaa alianza kupita kana kwamba hatujui. Papa aliazima baiskeli ya kutupeleka huko, akamweka Apio nyuma na mimi mbele kwenye bomba, maana Tata alikataa katakata mmoja apimwe na mwingine asipimwe. Tulifika matako yangu yakiwa hayana hisia kabisa, jambo ambalo baadaye lilinitia hofu kubwa, niliposikia kwamba ukoma huua hisia.

Mganga aliyetupokea alikuwa mtu mwembamba mwenye koti jeupe lililofuliwa sana. Alimwambia Apio afumbe macho, akamgusa kwa ncha ya pamba juu ya magamba, akamwuliza, "Nimegusa wapi?" Apio akaonyesha kwa kidole, palepale. Akagusa tena, kwingine. Akamchoma kidogo kwa pini, Apio akavuta mkono. Yule mganga akacheka, akamwambia Papa, "Mzee, huyu anasikia vizuri kuliko mimi. Hii si ukoma. Haiambukizi mtu. Lakini sitakudanganya. Hii haina dawa ya kuimaliza. Iko na dawa ya kuishi nayo."

Papa akamwomba, kwa aibu, anipime na mimi. Mganga alinitazama, nisiyekuwa na doa hata moja, akauliza kwa nini. "Ni pacha," Papa akasema. Mganga akanigusa kwa pamba mara moja tu, haraka, kama mtu anayefukuza nzi. Kwa Apio alikuwa amegusa mara tisa. Nilihesabu. Huo ndio mwanzo wa wivu wangu, ninavyoukumbuka: mara tisa za pamba, na moja.

Jina la ugonjwa aliliandika kwenye karatasi, na hakuna nyumbani aliyeweza kulisoma. Nikiwa mtu mzima ndipo niliposikia likiitwa soriasisi. Lakini maneno yake Mama aliyashika yote, kwa sababu Papa aliyarudia njia nzima kama mtu anayekariri ujumbe, akamfikishia. Aoge maji ya uvuguvugu, si ya moto. Akae ndani ya maji mpaka ngozi ilainike. Asisuguliwe kwa jiwe wala kwa gunzi. Sabuni ya mche, ile ya kufulia, isimguse. Akitoka majini akaushwe kwa kugusagusa tu, na apakwe mafuta mazito hapo hapo, ngozi ikiwa bado na unyevu. Apate jua la asubuhi, kidogo, asiungue. Asibandue magamba kwa kucha. Asijeruhiwe, maana ngozi ya namna hii, mahali inapochubuka ndipo ugonjwa unapochipuka upya. Alale vya kutosha. Na asihuzunishwe bila sababu.

Hilo la mwisho Tata alilicheka. Alisema hajaona mganga wa kuzuia huzuni.

Mafuta tuliyapata kwa mwanamke aliyeitwa Mama Soroti, kwa sababu alitoka huko. Miaka ile upande wa Uganda vitu vilikuwa vimeadimika. Watu walivuka kuja kwetu kutafuta sabuni, chumvi na sukari. Yeye alikuja na mafuta ya mti unaoota kwao kaskazini, mazito, ya rangi ya ugali wa mahindi ya manjano, ndani ya vyungu vidogo vilivyofungwa kwa jani la mgomba. Mama alimpa sabuni, naye akampa mafuta. Waliketi pamoja nyuma ya meza ya karanga, wakazungumza Kiteso chao cha pande mbili, wakachekana matamshi. Nilidhani mpango huo ni wa milele.

Kila jioni, kabla ya moto wa ugali kuwashwa, Mama aliweka karai uani. Alijaribu maji kwa kiwiko. Apio aliingia, akaketi, magoti yamekunjwa, maji yakimfika kifuani. Alipotoka Mama alimfunika kwa kanga iliyochakaa na kuwa laini, akachovya vidole viwili chunguni, akaanza: kiwiko cha kulia, kiwiko cha kushoto, magoti, nyuma ya masikio, mgongo. Kisha mimi. Tata alikaa kwenye kigoda akisimamia, akasema, "Na huyu." Mama alichovya tena na kunipaka vilevile, mahali palepale, ingawa mimi sikuwa na lolote. Naikumbuka mikono ile. Ilikuwa migumu kwa kupepeta simsim, na mafuta yaliilainisha.

Kisha Mama Soroti hakuja. Hakuja wiki ile, wala wiki iliyofuata, na hakuja tena kamwe. Sikuwahi kujua yaliyompata. Mama alikwenda mara nyingi mpakani kuuliza, akarudi mikono mitupu. Tulikuwa tumebakiwa na vyungu vitatu na robo.

Jioni moja Mama alimaliza kumpaka Apio, akafunga chungu kwa jani. Tata hakuwapo. Alikuwa amekwenda kwenye msiba Adungosi. Mimi nilikuwa nimesimama pale, nimevua blauzi, nasubiri zamu yangu.

"Na mimi?" nikamwuliza.

Mama alinitazama kama mtu aliyechoka kuhesabu. "Wewe uko na ngozi, Adongo," akasema. "Huyu hana."

Akaingia ndani kuwasha moto. Hakusema kwa ukali. Tata aliporudi walizungumza jikoni mlango umefungwa, na Tata akatoka amenuna, lakini hakusema tena "na huyu".

Sasa nimeshazaa na kuzeesha mikono yangu mwenyewe, na naelewa. Wakati ule nilielewa kitu kimoja tu: kamba imekatwa. Nitarudi chini, na mama yangu anajua, na amekubali.

Sikufa. Badala yake nilianza kutazama. Kila jioni nilisimama nyuma ya mlango wa jikoni, kwenye upenyo wa bawaba, nikawatazama wale wawili. Nilihesabu mara ambazo mkono wa Mama ulipita mgongoni. Niliona jinsi alivyoinama mpaka kichwa chake kikagusa kichwa cha Apio, akipuliza kiwiko polepole kama mtu anayepuliza uji. Na nilimwona Apio. Alikuwa amefumba macho, midomo imebanwa, kichwa kimeelekea nyuma. Nilijua ile ni raha. Sijawahi kuona mtu mwenye raha namna ile. Nilisema moyoni, tazama anavyoinywa.

Na mchana niliona mengine. Kwa kuwa hakupaswa kuchubuka, kuni nilibeba mimi. Kwa kuwa sabuni ya mche haikupaswa kumgusa, vyombo niliosha mimi. Jua la asubuhi lilipotoka aliketi kwenye gunia mbele ya nyumba, mikono imenyooshwa kama binti wa chifu, na mimi nikapita mbele yake na mtungi. Siku moja nilimwambia, "Ungeshuka basi unisaidie, malkia." Akaanza kuinuka, kweli, na Mama akapaza sauti kutoka ndani kumwambia akae. Nilimchukia kwa kuinuka, nikamchukia kwa kukaa.

Ndipo nilipoyakumbuka maneno ya mganga, kwamba ngozi ikichubuka ugonjwa huchipuka hapo. Nilikuwa nimeyashika vibaya. Mimi nilidhani ni kwa mtu yeyote, na zaidi kwa pacha. Nikachukua gunzi la mahindi, nikaenda nyuma ya ghala, nikasugua viwiko vyangu mpaka vikatoa maji. Usiku nililala juu ya magamba ya Apio kwenye mkeka makusudi. Nilisubiri. Viwiko vikaota kigaga, kigaga kikadondoka, chini yake ngozi ikawa mpya kuliko ya zamani. Nilirudia mara tatu. Ngozi yangu ilikuwa kama mtoto mtiifu, inapona tu. Mama alipoona vidonda aliuliza, nikasema nimeanguka. Akaniambia niangalie ninapokanyaga.

Muhula wa mwisho wa mwaka, wazazi wengine walilalamika shuleni. Mwalimu mkuu alikuwa mzee mpole ambaye hakupenda kugombana na mtu. Alimwita Mama, akamwambia Apio apumzike nyumbani mpaka hali itulie. Ikitulia, Januari shule ikifunguliwa, amlete, amwone. Mama alimwonyesha ile karatasi ya mganga. Akaisoma, akairudisha, akasema anaelewa, lakini wazazi hawaelewi.

Kwa hiyo Desemba nzima ilikuwa kazi moja. Kumtuliza Apio ngozi ili arudi darasani. Apio alipenda shule kuliko mimi. Alikuwa na daftari jipya ambalo Papa alimletea, akaliweka chini ya mto wake, akalitoa kulinusa na kulirudisha. Chungu cha mwisho kilikuwa kimejaa, na Mama alikuwa amepima kwa macho yake: kikitumiwa kwa adabu, kitafika siku ya kufungua shule na kuipita.

Nilingoja Mama aende sokoni. Tata alikuwa shambani, Apio amelala kwenye gunia lake. Nilichukua mrija wa Tata wa kunywea pombe ya chungu, nikauchomeka ndani ya mafuta mpaka chini, nikautoa, nikaona alama ya mafuta ilipofika, nikapima katikati yake. Nilitaka iwe nusu. Niwe mkweli kabisa: sikujiona mwizi. Nilifumba jicho moja kama Tata. Nilihamisha kwa kijiko nusu kamili, si zaidi, ndani ya mkebe mtupu, nikauficha ghalani chini ya mihogo mikavu. Kama kungekuwa na mtu wa kuniuliza, ningesema nimechukua changu.

Kila alasiri nilikwenda nyuma ya ghala, nikachovya vidole viwili, nikajipaka: kulia, kushoto, magoti, nyuma ya masikio. Mgongo sikuufikia. Vumbi lilinata, nzi walikuja. Nilifumba macho na kuelekeza kichwa nyuma, nikingoja ile raha. Haikuja. Nikadhani inataka mikono ya Mama. Kisha nikajiosha kwa sabuni ya mche ili nisinuke moshi.

Mama aliona chungu kimeshuka. Alikitazama kwa muda mrefu, akasema, "Joto limeyanywa." Vidole viwili vikawa kimoja. Kimoja kikawa ncha. Januari ilikaribia na kiangazi chake, upepo mkavu, na viwiko vya Apio vikaanza kupasuka kama tope la mto uliokauka. Alipokunja mkono, damu ilitoka kwenye nyufa. Siku sita kabla ya shule kufunguliwa chungu kikaisha. Mama alijaribu mafuta ya kupikia, akampaka kwa upole uleule. Yalisaidia kidogo.

Mimi nilikuwa bado na mafuta ya kimo cha kidole. Ningeweza kuyarudisha. Nilikwenda ghalani mara mbili kwa nia hiyo, na mara mbili nilisimama pale nikakumbuka "wewe uko na ngozi", nikafunika mkebe.

Siku ya kufungua shule Mama alitupeleka sote wawili, sare zimenyooshwa. Apio alivaa sweta ya mikono mirefu ingawa kulikuwa na joto. Mwalimu mkuu alimwomba akunje mikono. Alikunja polepole, maana sufu ilikuwa imegandia kwenye nyufa. Mwalimu alitazama, kisha akatazama dirishani. Akasema muhula ujao, mama. Tumwache mpaka muhula ujao. Apio aliteremsha mikono ya sweta mwenyewe, akachukua daftari lake mezani.

Nyumbani Tata alisikiliza habari hiyo akichambua kunde. Akasema bila kuinua kichwa, "Kama mmoja harudi, hakuna anayerudi. Pacha hupewa sawa."

Nilikimbia ghalani. Nilileta mkebe pale mbele yao, nikauweka chini, nikaufungua. Nikasema mafuta haya hapa, apakwe, apone, tuende shule sote. Napenda ningeandika kwamba niliungama kwa kujuta. Niliungama kwa sababu nilitaka kwenda shule.

Harufu ya moshi ilisimama katikati yetu. Mama aliketi chini taratibu, kama mtu aliyeambiwa mwisho wa safari ndefu.

Tata ndiye aliyeuliza. "Ulichukua kiasi gani?"

"Nusu," nikasema. "Nilipima na mrija wako."

Tata aliacha kunde. "Basi alichukua chake," akasema mwishowe, lakini sauti yake haikuwa ile ya siku zote, na hakumtazama Mama.

Mama hakunichapa. Jioni aliweka karai uani kama kawaida, akajaribu maji kwa kiwiko. Apio alipotoka majini, Mama alimfunika kwa kanga, akanisukumia mkebe kwa mguu. "Leo utampaka wewe," akasema. Akaingia jikoni.

Nilichovya vidole viwili. Nikashika kiwiko cha kulia na kupitisha mafuta juu ya nyufa. Mkono mzima ulitetemeka mkononi mwangu, kama kuku anavyotetemeka ukimshika miguu. Nilimtazama usoni. Alikuwa amefumba macho, midomo imebanwa, kichwa kimeelekea nyuma. Ilikuwa sura ileile. Nilikuwa nimeitazama miezi mingi kupitia upenyo wa mlango.

"Inauma?" nikamwuliza.

"Kila siku," akasema. "Puliza. Mama hupuliza."

Nikapuliza. Nikaendelea, kiwiko cha kushoto, magoti. Vidole vyangu vilichoka, na nilikuwa sijafika mgongoni. Apio akasema, macho bado yamefumbwa, "Nilikuona siku ile na mrija. Sikuwa nimelala."

"Kwa nini hukusema?"

"Ilikuwa nusu yako."

Aliamini. Alikuwa amekulia nyumba ileile, chini ya jicho lilelile lililofumbwa. Miezi yote ile, Mama akimpaka peke yake, Apio naye alikuwa akihesabu, na alikuwa akiona kwamba ananipunja.

Tulikaa nyumbani sote wawili muhula ule. Muhula uliofuata ngozi yake ilikuwa imetulia kidogo kwa mvua, lakini Apio alikataa kurudi. Alisema hawezi tena kukunja mikono mbele ya watu. Alimwendea Tata peke yake, akamwambia nusu yake ya shule nipewe mimi. Tata alizunguka nyumba siku nzima akizungumza na nafsi yake, na jioni akakubali. Ndivyo nilivyofika darasa la saba. Herufi hizi ninazoandika, nusu yake ni ya mtu mwingine.

Ningedanganya nikisema wivu uliishia karaini. Nilimpaka mgongo kila jioni mpaka alipoolewa Chakol, na kila jioni, Mama alipopita na kumwuliza, "Leo inasemaje?" nilihisi kijiti kikichoma hapa, chini ya mbavu. Mimi hakuna aliyeniuliza ngozi yangu inasemaje. Haikuwa na la kusema. Apio alijifunza kuishi na ngozi yake vizuri kuliko walivyotabiri. Jua la asubuhi kwenye gunia, maji ya uvuguvugu, nguo za pamba, hakuna jiwe, hakuna pombe hata ya harusi, mafuta kabla ngozi haijakauka. Ilikuja ikaenda, ikaja. Kila nilipomtembelea aliniletea kigoda na kikopo, akanigeuzia mgongo, kwa sababu mgongoni hakufika.

Asubuhi ile, wale mama walipokwisha kumwosha, niliwaambia wamkaushe kwa kugusagusa tu. Wakanitazama, wakafanya hivyo. Nikainuka, nikachovya vidole viwili, nikashika kiwiko cha kulia. Kilikuwa na doa kubwa, jeupe, lililopasuka katikati. Nikapitisha mafuta juu yake, nikasubiri mkono utetemeke, kama nilivyosubiri maisha yangu yote.

Nilipuliza hata hivyo. Nikaenda kiwiko cha kushoto, nikaenda magoti, nikaenda nyuma ya masikio. Mmoja wa wale mama akaja na gauni, akaniuliza kwa upole kama nimemaliza.

Nikamwambia, bado mgongo.